Mkono wa Kuwashia Jiko

Mwishoni mwa miaka ya tisini, Jumatatu asubuhi Guangzhou, Marekani ilikuwa bado Jumapili, na mpira wao wa kofia ngumu ulionyeshwa kwenye televisheni ya nyumba yetu ya wageni. Mmarekani mmoja, mnunuzi wa jinzi kama mimi, alinifundisha kuubetia. Kubashiri mshindi aliwaachia wavivu. Yeye alitafuta madau madogo yasiyotazamwa na mtu, kama vile nani atakosa teke la kwanza. Sheria za mchezo sizielewi hadi leo, ila macho ninayo. Niligundua kwamba mpigaji mmoja akifuta kiatu mara mbili, anakosa. Tukashinda wiki tatu mfululizo.

“Wewe huoni mchezo, unaona watu,” Mmarekani akacheka. “Haya, mkeo huwasha jiko kwa mkono gani?”

Miaka sita ya ndoa! Kiatu cha mtu baki nilikijua, mkono wa mke wangu sikuujua. Nikaiacha chai kwa hasira, nikaenda kibanda cha simu kumuuliza. Nyumbani ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka.

Nikasikia akiwasha kiberiti.

“Njoo uangalie mwenyewe,” akasema.