Mtaro Usio na Chama

Iko siku moja ambayo huirudia kichwani kila ninapowasikia mkibishana, mwanangu, wewe na wenzako, simu mkononi, juu ya vyama viwili vya Wamarekani. Huyu na chama hiki, yule na chama kile, na wote hamjawahi kukaa mkutano mmoja wa ushirika wenu mpaka mwisho. Mnanichosha. Ila siwezi kuwakaripia sana, kwa kuwa ugonjwa huo niliuleta hapa mtaani kwetu Mbugangari mimi mwenyewe.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya siasa. Shahada haikunipa kazi, basi nikawa nashona vifungo katika ushirika wa mafundi cherehani, pamoja na shangazi yangu Hawa. Mwenyekiti wetu alipatikana kwa mazungumzo: watu wanakaa, wanabishana mpaka chai inapoa, wanakubaliana. Nikasimama na miwani yangu, nikawaambia hiyo si demokrasia. Mataifa makubwa yana vyama viwili, vinashindana, mshindi anaongoza. Wakanipigia makofi. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku ile nilivuma sana.

Sababu ya kugawanyika haikutafutwa mbali. Fundi Sadiki alitaka tuhamie barabara ya mpakani. Fundi Kalisa alitaka tubaki karibu na soko. Kabla ya mwezi kwisha, mkasi wa watu wa Barabara ulikuwa haukati tena kitambaa cha watu wa Soko. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Sisi tulikuwa nyasi zilizojigawa ili zipate tembo wa kuzikanyaga.

Shangazi Hawa hakuwa na upande. Cherehani yake ilikaa nyuma kabisa, penye ukuta unaoingiza maji ya mlimani, na alitaka jambo moja tu: mtaro uchimbwe kabla ya mvua. Sadiki akamjibu, "Mama, si tunahama? Mtaro iko na kazi gani?" Kalisa akamkazia macho: "Donc, kumbe we ni mutu wa Sadiki?" Shangazi akaona heri agombee uenyekiti yeye mwenyewe.

Kura yetu ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya mgombea. Kalisa alikuwa na watu kumi na watano, Sadiki kumi na watatu, shangazi saba, mimi nikiwa mmoja wao. Nilimpenda shangazi, lakini nilimwogopa Kalisa zaidi, maana nilishaapa hadharani kwamba hatashinda. Nikawanong'oneza wenzangu watatu, "Huku tunapoteza kura." Tukahama wanne, kimyakimya, tukajipanga nyuma ya Sadiki. Akashinda kwa watu wawili. Nilishangilia mpaka sauti ikanikauka.

Kuhamia barabarani hatukuhamia, kwa sababu watu wa Soko walikataa kubeba hata kiti. Mtaro nao haukuchimbwa, kwa kuwa haukuwa wa chama chochote. Mvua ikaja. Tope likaijaza cherehani ya shangazi, sare za shule alizokuwa amezimaliza zikaelea. Muhula ule wote alishona kwa mkono, mpaka vidole vikapasuka.

Nikaenda kumwomba radhi kwa kumkimbia.

"Kuhama haiko shida, muprofesa," alisema bila kuinua macho kwenye sindano. "Mi nilijua siwezi shinda. Lakini sasa hesabu. Mulihama watu ngapi?"

"Wanne."

"Na ule alishinda na watu ngapi?"

"Wawili."

"Bon. Donc ni ninyi mulimupa kiti. Mulimuomba nini?"

"Hatukumwomba kitu."

"Hata mutaro? Eh, mutoto wa kaka yangu! Masomo yote ile, halafu unajipeleka bure kama mbuzi! Ungeniambia, tungeenda wote saba, mi mbele, tumuambie: sema hapa, watu wote wasikie, utachimba. Angechimba na meno!"

Mwanangu, kiti kikiwa kimoja, watu hujikusanya pande mbili. Woga unawasukuma huko, na upande wa tatu hubaki na watu wachache. Usililie hilo, na usijigambe kwamba vyama vyote ni vilevile ukalala nyumbani. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ingia katika upande ulio karibu na ufa wako, mapema, kabla mistari haijapangwa, na usisimame nyuma ya mtu ambaye hujamsikia akitaja jambo lako kwa kinywa chake mbele ya watu. Akishakaa kwenye kiti, mkumbushe mpaka akikuona abadili njia. Na yule mliyemshinda, msalimie kesho yake, kwa sababu kazi haitabebwa na nusu ya watu.

Mungu akupe sauti kabla ya kura na subira baada yake, na akulinde na wasomi wenye mapendekezo. Amina.