Makato Yasiyo na Mwenyewe

Mteja wa tatu alipokuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, Peres Okinyi alielewa kwamba habari imeshaenea Riruta yote. "Nitashona Krismasi," yule mama alisema, akikikunja haraka bila kumtazama usoni. Na fundi wa nguo ataishi vipi, watu wakiogopa kumwachia kitenge?

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Peres, ambaye wenzake walimwita Mama Jacklyne, alikuwa mhazini wa kikundi cha akina mama wa kanisa lao, kikundi cha kuchangia wagonjwa na mazishi, na kadi ya benki ilikaa kwake. Jumapili iliyopita stetimenti ya benki ilisomwa mkutanoni. Humo lilitokea jina la Kizungu ambalo hakuna aliyelijua, nalo lilikata shilingi elfu moja na mia tatu kila mwezi tangu Mei.

"Hii ni nini, Mama Jacklyne?" mwenyekiti, Virginia Waringa, aliuliza.

"Sijui."

"Kadi unalala nayo wewe, halafu hujui?" Ndunge, muuza mboga, alidakia. "Ama ni zile filamu unatazamanga ukishona?"

Chumba kizima kilicheka. Swali angelivumilia, lakini kicheko kile alikwenda nacho nyumbani, akala nacho, akalala nacho. Mwenyekiti alimpa wiki moja alete maelezo.

Jumanne alifunga duka akashuka mjini, kwenye tawi ambako akaunti ilifunguliwa. Kijana wa huduma kwa wateja aliitwa Were. Alisoma karatasi polepole, kalamu ikifuata mistari.

"Mama, hii jina si ya duka. Ni kampuni ya ng'ambo inayokusanyia wengine malipo. Jina la kitu ulichonunua halionekani hapa."

"Sikununua kitu. Nimeibiwa."

"Angalia tarehe. Kila mwezi ni ileile, kiasi ni kilekile. Mwizi akipata kadi yako hangojei mwisho wa mwezi kama mwenye nyumba. Anafagia zote mara moja. Hii ni kitu mtu alijiandikisha, ikawa inajilipa yenyewe."

"Na nikikataa kwamba nilijiandikisha?"

Were alimsogezea fomu. "Unasaini hapa. Tunafunga kadi, uchunguzi unaanza. Lakini hakikisha, mama. Ukikana halafu ionekane ulikubali, hapo siwezi kukusaidia."

Peres alishika kalamu. Sahihi moja tu, na Jumapili angeingia mkutanoni kama mtu aliyeibiwa, si kama mwizi. Nani angemuuliza zaidi?

"Mwezi wa nne pia wako," Were aliongeza. "Walitoa shilingi mia, wakairudisha. Hapo walikuwa wanajaribu kama kadi inafanya kazi. Mwezi wa nne mlifanya nini na kadi?"

Peres aliweka kalamu chini.

"Tulizika," alisema.

Walimzika Macharia, mume wa Virginia. Binti yao Nyawira alikuwa Doha akifanya kazi za nyumbani, na mwajiri wake alimnyima ruhusa ya kuja. Virginia alilia mbele ya kamati ya mazishi: angalau mtoto aone baba yake akiteremshwa. Kibe, mpiga picha, akasema anaweza kuyarusha mazishi moja kwa moja mtandaoni, na video ibaki imehifadhiwa huko. Alihitaji kadi ya benki tu, na mwezi wa kwanza ulikuwa bure. "Toa kadi, Mama Jacklyne," akina mama walisema, "mengine tutaongea baadaye."

Baadaye haikufika. Matangani nani husema hapana? Na baada ya kaburi kufunikwa, nani humwendea mjane kumuuliza habari za gharama? Aibu hiyo njema ya watu wetu ndiyo iliyofunga kila mdomo. Kampuni nayo haina aibu. Imejengwa juu ya usahaulifu wa watu: inakupa mwezi mmoja bure, kisha inatia mkono mfukoni mwako kwa jina ambalo hujawahi kulisikia, na bado inakuita mteja mpendwa.

"Tuisimamishe?" Were aliuliza.

"Ile video itaenda wapi?"

"Wataifuta."

"Basi ngoja kidogo, mwanangu," Peres alisema, akamrudishia fomu tupu.

Alikwenda moja kwa moja Kabiria, nyumbani kwa Virginia. Virginia alimfungulia mlango bila kumkaribisha kiti.

"Umekuja nikutetee?"

"Nimekuja kukwambia yale makato ni ya mazishi ya Baba Nyawira."

"Kwa hiyo mwizi ni mume wangu aliye kaburini?"

"Hakuna mwizi, Mama Nyawira. Ni ile video. Tulidhani ni ya bure."

Virginia akachukua simu akampigia binti yake, sauti ikiwa wazi.

"Mama, niko kazini, sema haraka."

"Ile video ya baba yako, bado unaionaga?"

Mlango ulisikika ukifungwa upande wa Nyawira.

"Kila Ijumaa, nikipewa siku yangu. Naangalia pale kwaya wanaimba, halafu nazima kabla ya mchanga. Kwa nini, Mama?"

Virginia aliketi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuthubutu kuitazama.

"Kibe ataitoa huko, aiweke kwenye flashi, na amtumie Nyawira nakala," Peres alisema taratibu. "Ikishamfikia, ndipo tusimamishe malipo."

"Asante. Basi Jumapili utawaeleza."

"Hapana. Utawaeleza wewe. Nikisema mimi, watasema mhazini anajificha nyuma ya marehemu."

"Mbele ya watu wote, Mama Jacklyne?"

"Mimi nilichekwa wapi?"

Jumapili Virginia alisimama. Alieleza yote, jina geni, kadi, Doha, na Nyawira anayezima kabla ya mchanga. Wengine walijifuta machozi. Ndunge akawahi kusimama.

"Bwana asifiwe, ukweli umejulikana! Tufumbe macho tuombe, shetani asitugawanye."

Vichwa viliinama. Ni njia yetu ya kale ya kumfukia mtu na kidonda chake, kisha kupanda wimbo juu yake.

"Msifumbe macho," Peres alisema.

Vichwa viliinuka kimoja kimoja.

"Shetani hakucheka hapa Jumapili iliyopita. Mlicheka nyinyi. Mungu mtaongea naye baadaye. Kwanza ongeeni na mimi."

Ndunge alitazama kiti chake kana kwamba angependa kukirudia, lakini hakuketi.

"Mama Jacklyne, nilikukosea," alisema mwishowe. "Na nilipeleka hiyo maneno sokoni."

"Kwa nani?"

Ndunge aliwataja kwa sauti ndogo. Peres alingoja mpaka jina la mwisho.

"Kesho nitawaendea," Ndunge alisema.

"Tutaenda pamoja. Nataka nikusikie ukiwaambia."