Kitambaa Dirishani

Tangu lini mtu akaenda kutafuta chumba na kitambaa kilicholowa? Dalali aliuliza swali hilo kwa macho tu, maana mdomo wake ulikuwa bado unakisifia chumba: cha kujitegemea, choo humo humo, jiko pembeni, rangi mpya kabisa. Shangazi alitoa kitambaa cha mkononi kwenye mfuko wa plastiki, akakikamua, akakitundika kwenye nondo ya dirisha, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kama mtu aliyekuja kushinda.

"Mama, tunasubiri nini?"

"Tunasubiri kikauke."

Tumwite Shangazi, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa na wote, hata na wale ambao hakuwa shangazi yao. Alikuwa dobi wa hoteli, mwaka wa ishirini na sita sasa, na muda wote huo aliishi kwa kaka yake, katika chumba cha nyuma ya jiko ambacho jua halikuwahi kukijua. Kuta zake zilitoa jasho mwaka mzima. Kikohozi kilimwanza kama mzaha, kikafanya maskani. Juzi daktari alimwambia bila kumung'unya maneno: hama chumba hicho, la sivyo kifua hicho kitakuhamisha duniani.

Kaka alicheka alipoambiwa. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli, ila alikuwa mtu aliyezoea. Alizoea shati lililonyooka kila asubuhi na vitambaa sita vya mkononi vilivyokunjwa kila Jumapili. Akishafuta jasho, alinyoosha mkono wenye kitambaa bila hata kutazama, na siku zote mkono wa dada yake ulikuwa pale kukipokea.

"Mwanamke wa miaka hamsini na moja akapange chumba kimoja kama mhuni?" alisema mbele ya watoto. "Watu watasema nimekufukuza. Haya, nakupa mpaka Jumamosi. Hata dalali nakutafutia mimi. Ukipata chumba kisicho na unyevu, kitanda chako nitakibeba mwenyewe kichwani. Usipopata, habari hii tuizike, nisiisikie tena."

"Usije ukasahau maneno yako, kaka," alisema Shangazi. Akachukua kitambaa kimoja kati ya vile sita, akakilowesha, akatoka nacho.

Basi ndicho kile dirishani. Saa nzima ilipita, dalali amekwisha kusimulia mpaka habari za kuzaliwa kwake, na kitambaa kilikuwa kibichi vilevile. Shangazi akainuka, akaenda nyuma ya mlango ambako watu hawatazami, akakwaruza kwa ukucha. Rangi mpya ikabanduka kama gamba, na chini yake ukungu mweusi.

"Huku ndiko kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema. "Ukuta huu unalia, mwanangu. Ninyi mmeufuta machozi tu."

Chumba cha Jumatano dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, ungeweza kuugusa bila kunyoosha mkono. Cha Alhamisi kilikuwa na bomba linalokohoa kumshinda yeye mwenyewe. Huko ndiko ulimi wa dalali ulikoteleza.

"Lakini mama, si mzee alisema ukiona vitatu vibovu utachoka mwenyewe, utaru..." Akajiuma ulimi.

Hakukuwa na haja ya kuuliza mzee gani. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye, dobi mzima, nguo za kaka yake alizigeuza ndani nje miaka yote asikione! Ilimchoma. Machozi yalimlenga pale pale ngazini, akayameza, akapiga moyo konde.

"Kamwambie mzee wako," alisema, "mimi mashuka mia mbili kwa siku hayajanichosha, sembuse vyumba vitatu."

Ijumaa aliomba ruhusa kazini akazunguka peke yake. Wengine wakitafuta chumba hutazama geti na rangi. Yeye alitembea ameinua uso, anatazama kamba za nguo. Dobi hadanganywi na kamba. Kwenye jengo moja la kupendeza, lenye vigae mpaka ngazini, nguo za jana zilikuwa bado zinadondosha maji. Mtaa wa pili akakuta nyumba ya ghorofa mbili iliyobabuka rangi kama mtu mwenye choa, lakini blanketi zima juu ya kamba, saa nne asubuhi, lilikuwa linapepea jepesi kabisa. Akapanda.

Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mkavu wa maneno. Chumba kimoja kilikuwa wazi. Shangazi alitundika kitambaa kwanza, ndipo akaanza ukaguzi: alifungua bomba huku amevuta maji ya choo aone kama moja litamnyima mwenzake, akafunga mlango akasikiliza majirani, akatikisa komeo likatikisika naye. "Hili litengenezwe kabla sijaingia," alisema.

"Subiri kwanza. Mumeo yuko wapi?"

"Sina."

"Basi mlete mwanaume wa kukusemea. Mwanamke peke yake simpangishi."

Shangazi alitoa rundo la funguo mkobani, akaliweka dirishani likalia.

"Hizi ni za stoo za hoteli nzima. Walionikabidhi hawakuniuliza mume. Na wewe mama, hao uliowazalisha, uliwaambia walete mwanaume wa kuwasukumia?"

Mkunga alimkazia macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko ambacho hakutaka kionekane. Akanyoosha mkono akagusa kitambaa. "Mbona kimekauka."

"Kilikauka tangu ulipokuwa unamtafuta mume wangu."

Fundi wa komeo aliitwa mchana ule ule.

Jumamosi kaka alibeba kitanda kichwani, ahadi ni deni, huku mtaa mzima unatazama. Alipokitua alianza kuwinda kasoro.

"Ngazi mbovu."

"Silali ngazini."

"Rangi imebabuka."

"Heri ukuta unaoonyesha uso wake."

Alipapasa nyuma ya mlango, nyuma ya choo, chini ya dirisha. Kila mahali palikuwa pakavu. "Chumba chenyewe hatua sita," akasema mwishowe.

"Zote zangu. Na dalali wako nisalimie."

Kaka aliinamisha uso. Akakaa kwenye kitanda alichokileta, jasho linamtiririka, na ghafla akaonekana mzee. "Sasa kule nyumbani nani..."

Shangazi alimhurumia, lakini huruma haikumrudisha nyuma hata hatua moja kati ya zile sita. Alikitoa kitambaa dirishani, akampa. "Chako hiki. Kimemaliza kazi."

Kaka akafuta paji la uso, akafuta shingo. Halafu, bila kutazama, akanyoosha mkono wenye kitambaa, kama alivyofanya kwa miaka ishirini na sita.

Mkono ukabaki hewani. Shangazi alikuwa amekunja mikono yake kifuani.

"Bomba lile pale, kaka," alisema. "Maji yake hayasumbui, nimeshayajaribu."