Sindano ya Mdudu

Kazi yangu ni kuotesha wadudu. Ndivyo tunavyosema maabara: damu ya mgonjwa inawekwa kwenye chupa yenye chakula, inapewa joto, na kama ndani kuna bakteria, wanaota. Mama yangu, mkulima wa kahawa na ndizi huko juu mlimani, hakuizoea kauli hiyo hata siku moja. "Mimi naotesha migomba, wewe unaotesha wadudu," alikuwa akinitania. "Sasa niambie, nani kati yetu atakula?"

Nimepanga chumba kimoja mjini, Majengo. Kulia kwangu kuna fundi cherehani, kushoto kuna msikiti, na barabara haikosi watu kuanzia alfajiri. Lakini nikishafunga mlango, Jumamosi nzima inaweza kupita sijatamka neno. Mama naye alikuwa peke yake kihambani, kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba yetu, tangu baba alipofariki. Ndugu zangu wako Dar es Salaam. Wanapanda mlimani Desemba na kushuka Januari. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Kutoka kwangu hadi kwake ni mwendo wa saa moja, na naona haya kuandika nilikwenda mara ngapi mwaka ule.

Masika ya mwaka huo yaliharibu bomba la kijiji, Mama akarudi kuchota maji kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa asili unaofika kwetu ukiwa umeshapita kwa majirani wote na ng'ombe wao. Homa ikaanza. Nilimshusha mjini, nikamtoa damu mwenyewe, nikaiotesha mwenyewe. Yeye hakusubiri majibu. Alisema ng'ombe hakamuliwi kwa simu, akarudi zake. Siku ya tatu nikatazama sahani ya kuoteshea na kuwatambua: bakteria wa taifodi. Nimewaona mara nyingi, lakini siku hiyo nilirudia kusoma jina kwenye lebo mara tatu.

Daktari aliandika vidonge vya wiki mbili, na Jumamosi nikavipeleka. Tulikaa jikoni, sufuria ya mtori ikichemka, naye akaniuliza huyo mdudu hasa anafanya nini tumboni mwa mtu. Ilikuwa miezi hakuna aliyeniuliza chochote kuhusu kazi yangu. Nikajisahau kabisa.

Nilimweleza kwamba mdudu yule ana sindano, na kwamba sitanii. Ni kimrija cha protini kinachochomoza mwilini mwake, chembamba kiasi kwamba hata darubini yetu ya maabara haikioni. Akigusa seli ya utumbo anaidunga, anasukumia protini zake ndani, na hizo zinailazimisha seli yenyewe imfungulie na kumwingiza. Kisha zinakuja seli za kinga, askari wa mwili, zinammeza ili zimmalize. Nazo anazidunga kwa sindano ya pili, anajitengenezea chumba humo humo, anazaliana. Nikaendelea: mdudu wa tauni ana sindano, wa kuhara damu anayo, hata yule wa vidonda vya tumbo ana ya aina yake. "Wanyang'anye sindano," nilisema, "na wengi wao hawatakuwa na la kutufanya."

Mama alisikiliza yote, mkono shavuni.

"Yeye ana sindano," akasema, "na mimi umeniletea vidonge?"

Nilicheka. Nikamwambia vidonge vinatosha.

"Si uwe unakuja kunidunga mwenyewe? Unajua kudunga."

"Mama, vidonge vinatosha."

"Haya," akasema, akaenda kugeuza mtori.

Jumamosi iliyofuata sikwenda. Nilipiga simu, akasema anaendelea, kisha akauliza, "Unakuja lini na sindano?" Nikacheka tena. Nikamwambia nina zamu. Haikuwa kweli. Nilikuwa nimelala chali natazama dari, sina nguvu ya kupanda kwenda kuona jinsi nyumba ile ilivyonyamaza. Upweke una ujinga wake: ulinifanya nimkwepe mtu pekee aliyekuwa akinisubiri. Jumamosi ya pili nikasema hivyo hivyo.

Siku nne baadaye jirani yake, mama mmoja anayesali naye, akanipigia. Tumbo la Mama lilikuwa gumu kama ubao na hakuweza kusimama. Utumbo ulikuwa umetoboka. Alipasuliwa siku hiyo hiyo, na kwa muda wote aliokuwa chumba cha upasuaji nilizunguka nje nikijiuliza ni vidonge gani hivyo vilivyoshindwa.

Alitoka mzima. Kesho yake nilipanda kumchukulia kanga, na ndani ya kopo la kahawa nikavikuta vidonge, karibu vyote, vimefungwa kwenye karatasi yake. Nina hasira za karibu, wanaonijua wanajua. Nilishuka hadi wodini, nikasimama mbele ya kitanda chake na kumwuliza kwa sauti kama yeye ni mjinga. Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. Mama akageukia ukutani, na kwa siku nne hakunisemesha.

Siku hizo nne nilijihukumu mwenyewe. Mimi ndiye niliyempigia hadithi za sindano hadi mama wa watu akaona kidonge si kitu. Nilimweleza daktari hivyo, nikawaeleza ndugu zangu hivyo, nao wakakubali haraka.

Kwetu, aliyekosa huomba radhi kwa jani la isale, na anayepelekewa isale hakatai. Nilipanda nikakata lililoota mpakani mwa kihamba, nikalifunga fundo, nikaingia nalo wodini. Muuguzi, mgeni wa huku, aliuliza kama hiyo ni dawa ya kienyeji. Nikamjibu kwamba ni yangu, si ya mgonjwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Nikampa jani kwa mikono miwili. "Nimekosa. Nimekutukana mbele za watu. Na nisingekueleza habari za sindano, ungemeza dawa zako."

Alilipokea, akaliweka juu ya shuka, akalinyoosha taratibu kwa kidole.

"Aika," akasema. Asante. Kisha akanitazama. "Kwa hiyo unadhani sikuelewa? Nilielewa vizuri. Najua kidonge kinatibu. Baba yako nilimmezesha vingapi? Nilisema nikikawia kidogo kupona, utakuja." Akashika mahali pa mshono. "Kidonge mtu anameza peke yake, mwanangu. Sindano lazima mtu aje."

Ilikuwa Jumanne, saa mbili kasorobo asubuhi. Nilikuwa na zamu, na safari hii ilikuwa kweli. Nikavuta kiti, nikakaa.