Rulema ya Gari la Arusi

Lile juma lililotangulia arusi yangu nalikumbuka vizuri, mwanangu. Vijana wengine juma kama hilo huwaza bibi-arusi. Mimi nilikuwa nawaza gurudumu.

Ilikuwa zamani za Zaïre, wakati sisi wote tuliitwa citoyen, yaani mwananchi, na mwanaume akitaka kupendeza alivaa abacost, koti bila tai shingoni. Nilikuwa mwalimu kijana, nikikaa Cimpunda, mtaa wa Bukavu, na nilikuwa nimenunua gari kuukuu kwa mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa Kisangani. Lilikuwa dogo, rangi ya maziwa, na mlango wake mmoja ulifunguka kwa ndani tu. Lakini lilikuwa langu. Nilipanga kushuka nalo hadi Luberizi, kwenye bonde la Ruzizi, kwa wazazi wa mchumba wangu Faida, halafu nipande naye hadi Bukavu watu wote wakituona.

Basi, arusi ikiwa imekaribia, gari likaanza kulia. Likienda polepole lilinyamaza. Likikimbia kidogo tu, gurudumu la mbele linanguruma kama jiwe la kusagia mtama. Papa Safari, fundi jirani yetu, alilifungua, akaniwekea kiganjani chuma cha duara, cheusi kwa grisi. Ndiyo rulema, ile inayokaa katikati ya gurudumu ili lizunguke bila kusugua. Nikaizungusha kwa kidole: ikakwaruza, ikakwama. Fundi akaifunga kwenye kitambaa, akanionya nisiende sokoni bila hiyo, kwa maana rulema zinafanana kama mapacha na zinachukiana kama wakewenza.

Nilikwenda soko la Kadutu pamoja na shangazi yangu, Maman Nabintu, dada wa baba. Yeye aliuza vitenge huko tangu mimi ningali mtoto wa kubebwa, na ndiye aliyepewa na ukoo kazi ya kuniozesha. Aliichukua kazi hiyo kwa moyo wote, hata rulema aliihesabu kuwa sehemu ya arusi. Gari hakulijua, lakini wauzaji aliwajua.

Muuzaji wa kwanza alituita tungali mbali. Alitoa boksi jipya, na ndani rulema inang'aa kiasi cha kujitazamia uso. Niliizungusha, ikateleza kama mafuta. Moyo wangu ukawa umekwisha kufika Luberizi. Shangazi aliniinamia sikioni, akasema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akaniambia nifute grisi kwenye ile ya zamani nisome kilichoandikwa. Yeye, alisema, kitenge hakisomi kwenye mdomo wa muuzaji; anakisoma kwenye pindo lake.

Nikafuta. Palikuwa na namba zilizochorwa kwenye chuma chenyewe. Boksi la muuzaji lilikuwa na namba hizo hizo, nikafurahi. Lakini kwenye chuma kilichokuwa ndani ya boksi, tarakimu ya mwisho ilikuwa nyingine. Muuzaji akacheka, akasema tofauti hiyo ni ndogo, ikigongwa kidogo itaingia. Tukamshukuru tukaenda zetu. Lakini macho yangu, mwanangu, yalibaki kwenye lile boksi.

Muuzaji wa pili alikuwa na yenye namba sawasawa, imetolewa kwenye gari lililoharibika. Sasa sikia vizuri. Rulema ya gari langu ilikuwa na sehemu mbili: ya ndani, yenye vichuma vinavyoviringika, na kikombe cha chuma kinachoipokea. Huyu alikuwa na ya ndani tu. Kikombe, alisema, niache kile cha zamani kilicho kwenye gurudumu. Nilikuwa tayari kukubali. Shangazi akataka aelezwe mara ya pili, kisha akanigeukia.

"Mushagalusa, ile kikombe imekwaruzwa na ile rulema ya zamani. Sasa weye utaleta bibi mupya mu nyumba yenye ingali inajaa fujo ya bibi wa kwanza?"

Wauzaji wote wa mstari ule walicheka, na muuzaji mwenyewe akacheka kuliko wote, akarudisha rulema yake kwenye meza.

Mwisho tulifika kwa muzee mmoja mpole aliyekuwa na meza ndogo. Aliitazama ile yangu, akasema waziwazi kwamba hana. Anaweza kuagiza Bujumbura, nzima na kikombe chake, ila itafika juma litakalofuata. Juma litakalofuata, nami naoa Jumamosi! Nilimvuta shangazi pembeni, nikaanza kumbembeleza. Nilisema tununue ile ya boksi kwa safari hii moja tu. Wakwe walikwisha kuambiwa kwamba mukwe wao anakuja na gari, nisipofika nalo nitaonekana muongo. Gari likirudi salama, tutaagiza ile nzuri.

Unajua barabara ya Ngomo, ya kushukia bondeni, namna inavyoning'inia kwenye ubavu wa mlima, na mto Ruzizi uko chini kabisa. Shangazi hakupandisha sauti.

"Mutoto wangu, Ngomo haiulizi kama uko muarusi. Mimi nilikuja hapa kukuchagulia rulema. Sikuja kukuchagulia sanduku ya kukuzika."

Tukaagiza Bujumbura.

Jumamosi tulishuka na lori lililokuwa linakwenda bondeni kuchukua mchele. Baba, shangazi, wajomba, na wamama wa kwaya ya parokia, wote tulikaa juu ya magunia matupu, mbuzi wa mahari wamefungwa nyuma. Abacost yangu nyeusi ilikuwa imegeuka kijivu hata kabla ya kufika Nyangezi njiani. Kwenye kona za Ngomo dereva alishuka polepole, na kwaya ikanyamaza. Nikasikia kila gurudumu linavyokanyaga changarawe. Kona zilipokwisha wamama wakaanza kuimba tena kwa nguvu, hata mbuzi wakajibu.

Luberizi tulifika tumechelewa. Watoto walitangulia mbio wakitangaza kwamba bwana-arusi amekuja na lori ya mchele. Nilitamani ardhi inimeze. Faida alicheka mpaka akamshika dada yake asianguke, na kicheko kile kilinipunguzia aibu nusu. Lakini baba yake, Muzee Kashindi, hakucheka. Aliniita kando, akaniuliza liko wapi lile gari lililosifiwa sana. Nikamweleza yote: mlio, namba, kikombe, na maneno ya shangazi. Alisikiliza akitazama chini, na mimi nikangojea kukatazwa mke.

"Tangu nilisikia uko na gari, nilikuwa na woga," akasema. "Nilisema, mutoto wangu atapanda Ngomo na kijana wa kujionyesha. Leo umeacha gari nyumbani. Basi, mutoto nakupa."

Akanishika mkono, akanirudisha kwenye watu, na ngoma zikaanza. Kesho yake tulipanda Bukavu na lori lile lile, Faida karibu na dereva kama malkia, mimi juu ya magunia ya mchele, sasa yamejaa. Rulema ilifika jinsi muzee yule wa sokoni alivyosema, na Papa Safari alipoifunga, gurudumu lilinyamaza. Gari lile lilituzungusha miaka mingi. Mama yako alizaliwa tumekwisha kulizoea.

Sasa wewe umenunua gari lako la mitumba, na jana nilisikia linalia ulipolipandisha hapa. Usiongeze sauti ya muziki ili usilisikie. Nenda sokoni na rulema ya zamani mkononi. Soma namba kwenye chuma, boksi ni karatasi tu. Nunua nzima, ya ndani na kikombe chake. Wakikuambia itaingia ikigongwa, waage kwa heshima. Na kama nzuri haijafika na safari imefika, panda lori, mwanangu, hata kama umevaa nguo ya sikukuu. Wahenga walisema kawia ufike. Mimi nimekawia, nimefika, na wajukuu nimewaona.

Mungu akupe masikio ya kusikia kilio kidogo kabla ya kikubwa. Akulinde kwenye kila mteremko, wewe na wote watakaokaa nyuma yako, na kila nyumba utakayoendea wakupokee wakicheka.