Chai ya Maua Siku ya Kuposwa

Mchumba wangu wa kwanza alikuwa hodari wa kuukemea ushirikina. Alikuwa karani kwenye mashamba ya miwa kule Ruaha, na kila alipofika kijijini kwetu Chanzuru alipewa nafasi ya kuhutubia. Hirizi, ramli, chale, vyote alivisaga pale jukwaani, ngumi juu, mpaka makofi ya akina mama yakamfunika sauti. Nami nilipiga makofi. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni, nasoma vizuri, na nilijiona nimepata mtu.

Wakati huo Wachina walikuwa wakijenga reli, na mjomba wangu alikuwa kibarua wao. Alirudi likizo na kopo jekundu la chai, pamoja na ujuzi wa kila kitu duniani. Ndani ya kopo mlikuwa na majani ya kijani yaliyochanganyika na maua meupe makavu.

"Dada, hii haipikwi," alimwambia mama. "Chemsha maji, epua, mwagia majani. Ukitia maziwa umeiharibu. Ukitia sukari umejiaibisha."

Mama alikuwa amepika chai maisha yake yote kwa njia moja: maji, maziwa, majani, tangawizi na sukari sufuria moja, kitu kitokote mpaka kitake kumwagika. Lakini mjomba alikuwa amerudi na kofia ngumu ya kazini, na mama hakuwa mtu wa kubishana na kofia. Ikaamuliwa chai hiyo ifunguliwe siku ya posa yangu, wakwe wajue wameingia nyumba ya namna gani.

Wakwe walikuja kwa basi kupitia Mikumi: mchumba na shangazi yake. Kwa desturi kijana haji kujiposea, ila yeye alisema desturi hizo zimepitwa na wakati. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwenye maneno manene zaidi. Nikapiga goti, nikamwamkia, akaniitikia "Marahaba mwanangu" huku akinikagua meno. Nikamimina.

Chumba kizima kilinukia kama bibi harusi. Shangazi akachungulia kikombeni, akaona kitu cheupe si cheupe, chekundu si chekundu, kama maji yaliyosuuzia sufuria.

"Sukari iko wapi?"

"Hii haitiwi sukari, shemeji," mjomba akajibu kwa majivuno.

Watu wametoka kwenye miwa, unawapa chai isiyo na sukari. Na sukari ilikuwepo! Mama aliipangia foleni kwenye duka la ushirika, akaificha chini ya kitanda kwa ajili ya siku hiyo hiyo. Nilitamani nimkabe mjomba.

Shangazi akanusa tena, kisha akakisukuma kikombe mbali kwa ncha ya kidole. "Chai inanuka marashi. Mimi nimeozesha watoto, najua chai ya marashi anawekewa nani. Mnataka kumnywesha kijana wetu dawa ya mapenzi, awachotee maji na kuwafulia kanga?"

Hata wazazi wangu waligeuka kunitazama mimi, ambaye kopo lile sikuwahi kuligusa. Nikamgeukia mchumba. Kikombe kilikuwa kimeshafika mdomoni pake. Nikangoja acheke, atoe hotuba hata fupi. Shangazi akatikisa kichwa kidogo tu. Kijana akakishusha kikombe, akatoa leso, akafuta midomo, kisha akafuta na vidole.

"Si kwamba naamini," alisema. "Ni tahadhari tu."

Baba akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kinywe hicho cha mwenzako, wauone ukweli."

Nikakinywa. Hasira zilikuwa zimenijaa, lakini ulimi haukujali. Kwanza uchungu kidogo, kisha harufu ile ikapanda puani kutokea ndani, na nilipomeza ukabaki utamu ambao hakuna aliyeutia. Nilikuwa sijawahi kunywa kitu kama kile. Nikanywa mpaka majani, huku shangazi akiningoja nianguke.

Sikuanguka. Mama akakimbilia jikoni, akapika chai ya maziwa ya kutokota, sukari mpaka kijiko kisimame. Wakwe wakanywa kwa kelele, wakaongeza. "Hii sasa ndiyo chai," mchumba akasema, na jasho la kupona likimtoka.

Ndipo baba akaniuliza lile swali analoulizwa kila binti mbele ya wageni, na ambalo kila binti hujibu "ndiyo" huku ameangalia mkeka: "Hawa wageni unawajua? Tukipokee walichokuja nacho?"

Mimi sikuangalia mkeka. Niliona mbele yangu miaka na miaka ya chakula changu kunuswa na shangazi kwanza, na mtu mzima amekaa pembeni anangoja ruhusa.

"Nawajua, baba," nikasema. "Tusipokee."

Mama akaangusha kifuniko. Baba akamwuliza kijana kama ana la kusema. Alifungua mdomo, halafu akamtazama shangazi yake.