Babushi Zilizobaki Mlangoni mwa Biblioteke

Juzi, rafiki yangu, nilikuwa napita mtaa wa Lumumba, hapa Bunia, mtoto mmoja wa kike akanipita mbio na babushi, ndala ya mpira, mguu mmoja tu. Mguu wa pili ulikuwa mtupu, mwekundu kwa vumbi. Nadhani mkanda ulikatika, basi. Lakini miye nilisimama katikati ya barabara mpaka mtu wa pikipiki akanipigia honi na kunitukana.

Zamani, mtoto mwenye mguu mmoja mtupu katika mtaa ule alijulikana mara moja: ana kitabu nyumbani.

Biblioteke yetu, yaani maktaba, ilikuwa chumba kimoja cha matofali nyuma ya masomo, shule yetu, na rafu zake zilinuka mafuta ya taa kwa sababu ya mchwa. Mwenye kuitunza tulimwita mama wa biblioteke. Alikuwa mkali, wee! Ulinawa kwanza katika beseni, kisha alinusa vidole vyako kimoja kimoja. Vikinuka makayabo, yule samaki wa chumvi, ulirudi kunawa. Na kwa kuwa hatukuwa na karte yoyote ya kitambulisho ya kumwachia, tulimwachia babushi ya kushoto. Aliifunga kikaratasi chenye jina lako, akaipanga chini ya dirisha. Rudisha kitabu, chukua kiatu. Wazazi walilalamika, lakini sisi tulitembeza ule mguu mtupu kwa maringo mpaka sokoni, watu waone kwamba tunasoma.

Rafiki yangu wa benchi, ambaye lupango wao, kiwanja cha nyumba yao, ulipakana na wetu, alikuwa akisoma kuliko miye. Nadra kumwona na babushi mbili.

Halafu vita ya makabila ikaingia mjini. Hata kabla ya risasi, wakubwa walikuwa wamekwisha kutukataza kuingia kwa kina rafiki yangu, nao wamekatazwa kuingia kwetu. Hakuna aliyetueleza sababu. Tulisalimiana kwa macho tu juu ya ua.

Siku ile, mchana kweupe, milio ilianza upande wa uwanja wa ndege. Bibi alikuwa anafunga unga na sufuria katika kitenge. Tutembee njia ya Mambasa, alisema, pamoja na wengine. Akatazama miguu yangu.

“Na muguu moja utafika wapi, weye?”

Alisema kwa hasira tu. Miye nilichomoka mbio.

Njiani watu wote walikuwa wanakuja, miye peke yangu naenda. Mama wa biblioteke nilimkuta ameketi mlangoni, babushi zimepangwa mbele yake kwenye ngazi, majina yakitazama barabara. Hapo nikakumbuka: kitabu nilikuwa nimekisahau nyumbani! Nikaanza kulia.

“Kitabu utarudisha siku ingine,” alisema. Akanivalisha mwenyewe. “Watoto watakimbia namna gani bila viatu? Iko bado mbili, kisha na miye niende.”

Wakati uleule mtoto mwingine akafika mbio, akanyakua yake, akapotea. Ikabaki moja. Ya rafiki yangu. Mama akaiinua.

“Huyu si jirani yako? Umupelekee.”

Risasi zilikuwa zimekaribia, mabati yanalia. Niliogopa risasi, ndiyo, lakini niliogopa zaidi kuonekana nagonga mlango wao. Nikasema, “Mama, wamehama. Sijui kwao.”

Alinitazama. Alijua, hakika alijua. Akairudisha babushi kwenye ngazi, akaketi tena. “Basi, kimbia. Nitamungojea.”

Bibi alinichapa kofi moja, kisha akanishika mkono na hakuniachia siku nzima. Kitabu kilikuwa ndani ya furushi lake, hata sijui aliyekiweka.

Mambasa, siku nyingi baadaye, nikamwona rafiki yangu kwenye foleni ya maji. Muguu moja. Walikuwa wameondoka tangu asubuhi, kabla hata ya mlio wa kwanza. Tulikumbatiana, habari ya babushi yake sikumwambia. Na jirani mmoja aliyechelewa kutoka Bunia akasimulia jinsi alivyomwita mama wa biblioteke wakimbie pamoja, naye akakataa, akionyesha babushi: “Iko bado moja.” Baada ya hapo hakuna aliyemwona tena.

Leo chumba kile kinauza magodoro. Vitabu vilikwisha zamani, vikifungiwa karanga. Changu ninacho bado, na ndani yake kile kikaratasi cha babushi, chenye jina langu kwa mwandiko wa mama wa biblioteke. Juzi nilikuwa nacho mkononi. Nilitaka kukipeleka, sijui kwa nani. Nikapita mbele ya nyumba yetu ya zamani, nikahesabu kutoka mlango wetu mpaka mlango wa kina rafiki yangu, kwa miguu hii ya mtu mzima.

Ni hatua kumi na moja.